Mazungumzo ya Karani: Kasha la Injini



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni kufunga mzigo. Kazi yangu ofisini ni barua na mafaili, na kwa muda mrefu nalidhani ya kuwa mtu ajuaye kufunga bahasha ajua kufunga kila kitu. Kosa hilo lilinigharimu, tena lilimgharimu mdogo wangu kuliko mimi. Ndiyo sababu nalieleza hapa bila kujificha.

Mdogo wangu hufanya kazi ya bodaboda kwetu milimani Taita. Pikipiki yake ndiyo shamba lake: ndiyo ilipayo karo ya watoto wawili na mkopo wa chama. Mwaka jana injini ilianza kugonga na kutoa moshi wa samawati, tukaambiwa ya kuwa silinda imelika na yataka kuchongwa upya. Fundi tuliyemwamini yuko Nairobi, karibu na Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado waiita Grogani. Basi tukaishusha injini, nami kwa kuwa ndimi mkubwa nikasema, "Niachie mimi, nitaifunga." Nikaitia katika sanduku la karatasi lililokuwa la sabuni, nikajaza magazeti pande zote, nikalizungushia kamba ya katani, nikalipakia juu ya gari la abiria.

Ilipofika Nairobi, sanduku lilikuwa limelowa oili na kuraruka, na sikio moja la injini, lile lipitalo bolti ya kuishika katika fremu, limevunjika. Oili ilikuwa imeharibu mfuko wa unga wa mama mmoja msafiri, nami nikaulipa. Lakini kulichomelea sikio lile la alumini kulichukua juma zima zaidi, na juma hilo mdogo wangu hakupata hata senti, akashindwa kulipa fungu lake la chama. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma.

Injini ilipokuwa tayari kurudi nyumbani, fundi alikataa kuipakia mpaka ifungwe vizuri. Nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikaenda mwenyewe. Jirani ya fundi yupo mzee seremala. Nalipomwomba anitengenezee sanduku imara, alinitazama akasema, "Bwana Karani, sanduku si nguo ya injini. Sanduku ni fremu yake ya safari. Kama haishikwi humo kama ishikwavyo katika pikipiki, itajigonga hata ukiizungushia magodoro."

Maneno hayo ndiyo msingi wa kazi yote, nami nitaeleza jinsi tulivyofanya.

Kwanza, injini hutayarishwa. Mwaga oili yote, na petroli yote iliyobaki katika kabureta, maana mvuke wake hushika moto upesi. Kisha fungua vyote vitokezavyo nje: kabureta, ekzosi, mguu wa kiki na mguu wa gia. Hivyo ndivyo huvunjika kwanza. Vifunge mbali mbali katika matambara. Ondoa plagi, dondosha oili safi kidogo ndani ya silinda, izungushe injini ili oili ienee, halafu urudishe plagi. Matundu yaliyo wazi yazibwe kwa vizibo vya mti vilivyofungiwa kitambaa chekundu, ili fundi aonaye asisahau kuvitoa.

Pili, vipimo. Pima urefu, upana na kimo cha injini, uongeze inchi mbili au tatu kila upande, ili isiguse ukuta wa kasha. Kwa sakafu tulikata vipande viwili vya mbao ya nne kwa mbili viwe miguu, na juu yake tukapanga mbao za sita kwa moja. Miguu hiyo humpa mchukuzi nafasi ya kuingiza vidole, tena huinua kasha lisikae katika maji.

Tatu, na hili ndilo kubwa, injini hufungwa kwa masikio yake yenyewe. Tulisimamisha vigogo viwili vifupi vya nne kwa mbili, kimoja huku na kimoja huku, tukavitoboa kwa keekee sawasawa na matundu ya injini, tukapitisha bolti. Chini ya kila nati tuliweka washa pana, kwani washa ndogo huzama katika mti na bolti hulegea njiani. Vigogo vyenyewe vilishikwa na sakafu kwa bolti zitokazo chini, si kwa misumari. Tumboni mwa injini tuliweka kipande cha mti chenye mpira wa tairi kuukuu juu yake, ili uzito ukae hapo, usining'inie katika masikio. Kisha mzee akainua sakafu upande mmoja, akaitikisa kwa nguvu. Akaniambia, "Mwanangu, ukisikia injini ikicheza peke yake, rudi nyuma uanze tena."

Nne, kuta. Pembeni tulisimamisha mbili kwa mbili, tukazipigilia mbao, na kila upande tukaweka ubao mmoja wa mshazari kutoka pembe hata pembe. Fremu ya pembe nne isiyo na mshazari hulala upande kama lango kuukuu. Misumari ipigwe kukata nyuzi za mti. Ule upigwao katika kichwa cha ubao hung'oka upesi. Mbao zetu zilikuwa za saiprasi, ambazo hupasuka karibu na ncha, kwa hivyo tulitoboa vitundu vidogo kwanza. Kifuniko tulikifunga kwa skrubu, ili afunguaye asipige nyundo, na akitaka kukagua aweze kukifunga tena.

Tano ni kazi ya karani. Niliandika jina, namba ya simu na mahali pa kwenda katika pande mbili za kasha, nikatia karatasi nyingine ndani, nikachora mishale ya kuonyesha juu, nikaandika na uzito. Namba ya injini niliiandika katika daftari langu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa wale wapelekao mizigo nchi za nje, lipo neno moja zaidi. Kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15, iliyotolewa mwaka 2002 kwa ajili ya kuzuia wadudu wa miti, yataka mbao za kufungia mizigo zitiwe joto hata kiini chake kifike digrii 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, au zitiwe dawa iliyokubaliwa, kisha zipigwe muhuri. Plaiwudi haimo katika sharti hilo, maana hutengenezwa kwa gundi, joto na mgandamizo. Asafirishaye mzigo ndani ya Kenya tu hana haja ya muhuri huo.

Gharama ya mbao, bolti na skrubu haikufika hata nusu ya ile niliyolipa kwa kuchomelea sikio. Kasha lilipofika, mdogo wangu alilifungua kwa bisibisi mbele ya jirani zake, akakuta injini haikusogea hata unywele. Alinipigia simu jioni ile. "Kaka," akasema, "safari hii umeifunga." Mwezi uliofuata alilipa mafungu mawili ya chama pamoja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: usipojenga kasha, utajenga injini.

Hadi juma lijalo, kwaherini.