Lugha Isiyohitaji Mkalimani? Msafiri, Baleti na Jumba la Garnier

Imekuwa ada miongoni mwa wasomi wetu wanaobahatika kuhudhuria makongamano jijini Paris kutenga jioni moja kwenda kutazama baleti katika jumba la opera lijulikanalo kama Palais Garnier. Hilo si kosa. Kosa huja baadaye, msafiri arudipo na kuandika, au kuwasimulia wanafunzi wake darasani, kwamba aliyoyaona hayakuhitaji mkalimani. Kwamba mwili ni lugha ya wanadamu wote. Kwamba hata asiyejua neno moja la Kifaransa aliketi, akatazama, akaelewa, akatokwa na machozi. Kauli hii imerudiwa mara nyingi kiasi cha kuchukuliwa kuwa kweli isiyodai ushahidi. Makala haya yanaipinga. Yanashikilia kwamba baleti ni matini yenye msamiati, sarufi na historia yake, kwamba jumba inamochezwa ni sehemu ya matini hiyo, na kwamba anayejigamba kuielewa pasipo kujifunza kuisoma hajaisoma bado. Aliyesomwa ni yeye.

Hapana budi kuanza na jumba, kwani ndilo linalomteka msafiri kabla pazia halijafunguliwa. Usiku wa 14 Januari 1858, Mwitalia Felice Orsini na wenzake walimtupia mabomu Kaisari Napoleon III alipokuwa akiwasili katika jumba la opera la zamani, mtaa wa Le Peletier. Kaisari alinusurika; watu kadhaa waliokuwapo barabarani hawakunusurika. Baada ya shambulio hilo ikaamuliwa lijengwe jumba jipya mahali palipo wazi na salama zaidi. Charles Garnier, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa, alishinda shindano la wasanifu mwaka 1861, na jumba likazinduliwa 5 Januari 1875. Ubavuni mwake lina mlango wa pekee wenye njia ya kupandia, ili gari la farasi la Kaisari liingie hadi ndani asipate kutupiwa bomu tena. Hakuutumia hata mara moja. Utawala wake uliporomoka mwaka 1870, naye akafia uhamishoni Uingereza mwaka 1873. Uzuri ambao msafiri anaustaajabia ulitungwa, kwa kiasi fulani, na hofu ya mtawala aliyewaogopa watu wa barabarani.

Ama ngazi kuu ya marumaru, ambayo kila msafiri hupigia picha, haikukusudiwa kuwa njia tu ya kufikia viti. Garnier mwenyewe, katika kitabu chake juu ya majumba ya maonyesho kilichochapishwa mwaka 1871, aliwachukulia wapandao ngazi kuwa tamasha, na wanaowatazama kutoka roshani zilizoizunguka kuwa hadhira yao. Na ukumbi wenyewe umejengwa kwa umbo la kwato ya farasi, vijumba vya watazamaji vikiwa vimepangwa orofa juu ya orofa kuelekeana. Matokeo yake ni kwamba aliyeketi nyuma katika kijumba cha pembeni, aghalabu ndiye msafiri mwenye posho ndogo ya kongamano, huona nusu ya jukwaa, lakini humwona barabara aliyeketi upande wa pili. Wapo wanaolitaja jambo hili kama hitilafu ya ujenzi. La hasha! Jumba linatenda kazi liliyojengewa. Waliolilipia walitaka kuonana wao kwa wao, na ngoma iliyokuwa ikichezwa mbele yao ilikuwa kisingizio kizuri cha kukutana.

Yaliyotendeka nyuma ya jukwaa yanaeleza zaidi. Huko kuna ukumbi uitwao Foyer de la danse, wenye vioo na dhahabu, ambamo wacheza baleti walinyoosha viungo kabla ya kutokea mbele ya watu. Katika karne ya 19 wanaume matajiri waliokata tiketi za msimu mzima waliruhusiwa kuingia humo na kuzungumza na wasichana hao, ambao wengi wao walitoka katika familia maskini na walilipwa ujira mdogo. Mazungumzo hayo yalikuwa na bei yake. Edgar Degas aliwachora wanaume hao wenye kofia ndefu nyeusi wakisimama pembeni mwa jukwaa kama wanunuzi mnadani. Na yule binti aliyemfinyangia sanamu yake mashuhuri, iliyoonyeshwa mwaka 1881, alikuwa mwanafunzi wa baleti wa jumba hilohilo, mtoto wa dobi. Nguvu ya wanaume wa aina hii ilikuwa kubwa hata katika utunzi. Mwaka 1861, katika jumba la zamani, waungwana wa Jockey Club walizomea na kupiga filimbi hadi opera ya Wagner, Tannhäuser, ikaondolewa jukwaani baada ya maonyesho matatu. Sababu mojawapo ni kwamba Wagner aliiweka baleti mwanzoni, ilhali wao walizoea kumaliza chakula chao cha jioni kwanza, wakaingia sehemu ya pili kuwatazama wasichana wao. Mhakiki anayejua haya, na bado akasema kwamba baleti ni mwili mtupu ukizungumza na mwili, ana lazima ya kueleza ni mwili wa nani, na umegharimiwa na nani.

Sasa na itazamwe ngoma. Giselle ni mfano unaofaa, kwa kuwa ilizaliwa katika asasi hiyohiyo ya Paris, tarehe 28 Juni 1841, na hadi leo huchezwa na kundi la jumba hilo. Mwanamwali wa kijijini anapendwa na mwanamume aliyejifanya mwanakijiji ilhali ni mtawala mwenye mchumba wa hadhi yake. Ukweli unapofichuka, msichana anapagawa na kufa. Katika sehemu ya pili anafufuka miongoni mwa mizuka ya wanawali waliokufa kabla ya arusi, ambao huwalazimisha wanaume kucheza hadi roho ziwatoke. Msafiri husema aliielewa yote kwa macho. Je, kweli? Katika baleti ya namna hii, kuizungusha mikono miwili juu ya kichwa ni neno: maana yake kucheza. Ngumi mbili zilizopishana na kushushwa mbele ya mwili ni neno jingine: mauti. Kuonyesha kidole cha pete ni kutaja ndoa, na kuinua mkono kwa vidole viwili ni kula kiapo. Ishara hizi hazina uhusiano wa kimaumbile na maana zake, kama vile silabi za neno 'mti' zisivyo na majani wala mizizi. Ni kaida za kijamii zilizofundishwa na kurithiwa. Mama anapomwonya bintiye kwa mikono kwamba atacheza hadi kufa, anayeijua lugha husikia utabiri; asiyeijua humwona mwanamke mzima akipunga hewa. Kwa hakika, aliyeielewa Giselle alikuwa amesoma muhtasari uliochapishwa katika kijitabu cha onyesho alichonunua mlangoni. Mkalimani alikuwapo. Msafiri amesahau tu kumtaja.

Kuna jambo zito zaidi ambalo kauli ya 'lugha ya wote' hulificha, nalo linagusa moja kwa moja namna fasihi inavyofundishwa katika vyuo vyetu. Mitaala mingi huiweka ngoma ya Kiafrika katika fasihi simulizi, na kuichukulia baleti kana kwamba ni sanaa iliyoandikwa, thabiti, yenye matini yake kabatini. Historia ya Giselle inaupangua mgawanyo huo. Baada ya mwaka 1868 iliachwa kuchezwa Paris kwa muda unaozidi miaka 40. Haikupotea kwa sababu ilikuwa imehamia katika miili ya wachezaji wa Petersburg, ambako Marius Petipa aliifunza, akaipunguza hapa na kuiongeza pale, kila kizazi kikiipokea kutoka kwa kizazi kilichotangulia mkononi na mguuni. Iliporudi katika jumba la Garnier mwaka 1910 ililetwa na kundi la Diaghilev, ikachezwa na Karsavina na Nijinsky, yaani Warusi waliwarudishia Wafaransa kilichokuwa chao. Ni kweli kwamba kufikia miaka ya 1890 kulikuwa na mfumo wa Stepanov wa kuandika miondoko, na kwamba Nicholas Sergeyev alizitoa hati hizo Urusi baada ya mapinduzi na kuzitumia kuisimika Giselle Paris mwaka 1924. Lakini hati hizo zilikuwa kumbukumbu za kumsaidia mwalimu, hazikuwa mbadala wake. Fanani, hadhira, upokezanaji, ugeukaji wa matini kulingana na anayeitenda: sifa zote ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukariri kuwa za fasihi simulizi zimo humo. Kwa nini basi ya Paris iitwe urithi wa kale uliohifadhiwa, na ya Lamu iitwe masalia?

Ulinganisho na beni unafaa hapa. Ngoma hiyo ya pwani, yenye maleba ya kijeshi, vyeo vya kuigiza na mashindano ya makundi, ilichambuliwa na Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwa kufuatilia vita, ukoloni, vibarua na siasa za mitaa. Hakuna msomi aliyediriki kudai kwamba beni haihitaji tafsiri kwa kuwa mwili ni lugha ya wote. Yaelekea ulimwengu mzima husifiwa kwa kuvuka mipaka pale tu unapokuwa Ulaya.

Wapo wa upande wa pili, nao hawana afadhali. Hawa husema kwamba baleti ni anasa ya Wazungu isiyotuhusu, na kwamba mhakiki wa Kiswahili anayeishughulikia anatwanga maji kinuni. Kauli yao ina sura ya uzalendo, lakini inapuuza kwamba Mwafrika aliingizwa katika majumba hayo zamani sana, na hakuingizwa kama mtazamaji. La Bayadère, aliyoitunga Petipa huko Petersburg mwaka 1877, inasimulia kisa cha India ya kubuni yenye mahekalu, rajah na mcheza ngoma mtakatifu. Rudolf Nureyev aliizindua upya katika jumba la Garnier tarehe 8 Oktoba 1992, miezi mitatu kabla ya kufa kwake, na baadaye ikawa ikichezwa pia Bastille. Ndani yake ilikuwamo ngoma ya watoto waliopakwa rangi nyeusi, na jina lake la Kifaransa lilikuwa neno la dharau lenye maana ya vijitoto vyeusi. Ni mwaka 2015 tu ambapo Benjamin Millepied, aliyekuwa mkurugenzi wa baleti, aliiondoa rangi hiyo na kuibadilisha ngoma jina kuwa ya watoto. Ni wazalendo gani hao wanaosema hayo hayawahusu?

Na ni wapenda 'lugha ya wote' gani walioitazama ngoma hiyo miaka yote hiyo bila ya kusikia ilichokuwa ikisema? Jibu halikutoka kwa wahakiki. Lilitoka kwa wachezaji wenyewe. Mwaka 2020 wacheza baleti weusi na machotara wa kundi hilo waliandika tamko kuhusu suala la rangi katika Opera ya Paris, nalo likatiwa sahihi na mamia ya wafanyakazi wenzao. Madai yao yalikuwa ya kawaida mno hata yakaaibisha: soksi ndefu na viatu vinavyolingana na ngozi zao, vipodozi na utunzaji wa nywele unaowafaa, na kukomeshwa kwa kupakana rangi jukwaani. Uongozi uliwaagiza mwanahistoria Pap Ndiaye na Constance Rivière wachunguze, na ripoti yao ikatolewa Februari 2021. Zilipigwa kelele nyingi magazetini na katika siasa kwamba urithi unateketezwa. Urithi upi? Giselle ile iliyopunguzwa na kuongezwa Petersburg? Au Bayadère ya Nureyev, ambayo imeacha kabisa sehemu ya mwisho ya Petipa, ile ya hekalu kuporomoka? Wachezaji walikuwa wakifanya kile ambacho kila kizazi cha baleti kimefanya, tofauti ikiwa tu kwamba safari hii waliofanya walikuwa weusi.

Guillaume Diop, mmoja wa walioandika tamko hilo, alipandishwa kuwa nyota, daraja la juu kabisa la kundi, tarehe 11 Machi 2023, akiwa mchezaji mweusi wa kwanza kufikia daraja hilo. Alikuwa amemaliza kucheza Giselle. Haikuwa katika jumba la Garnier. Kundi lilikuwa ziarani Seoul. Msafiri wetu hana budi kulitafakari hilo kabla ya kuandika kuhusu marumaru na dari aliyoichora Chagall mwaka 1964, nzuri ingawa ni nzuri kwelikweli.

Litaulizwa, bila shaka, ni idhini gani aliyo nayo mwalimu wa fasihi ya Kiswahili kuyasema haya, asiyewahi kuvaa viatu vya baleti wala kukulia Paris. Swali hilo na lielekezwe kwanza kwa waliotunga. Théophile Gautier, aliyebuni kisa cha Giselle, aliipata mizuka yake katika kitabu cha Heine, Mjerumani aliyekuwa akiwasimulia Wafaransa imani za Waslavi. Petipa, mzaliwa wa Marseille, aliitunga India yake akiwa Petersburg, kwa muziki wa Minkus, mzaliwa wa Vienna. Hakuna aliyewadai hati ya ukaazi.