Kikokotoo Hakijui Kipimo

Yeyote anayedai kwamba kubadili vipimo ni mzigo wa bure kwa mwanafunzi anayeanza kemia, kwa kuwa simu hufanya kazi hiyo, amekosea pakubwa.

Simu huhesabu tarakimu. Haijui kama ulikusudia gramu au kilogramu. Mwanafunzi akiyeyusha gramu 4 za sodiamu haidroksaidi kupata myeyusho wa sentimita za ujazo 250, ana moli 0.1 ndani ya lita 0.25, yaani moli 0.4 kwa lita. Akisahau kugeuza ujazo kuwa lita, atapata 0.0004, na kikokotoo hakitamkanya.

Kosa kama hilo huweza kuhatarisha maisha. Mwaka 1983 nchini Kanada, ndege ya abiria aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani. Waliopiga hesabu ya mafuta hayo walitumia densiti ya 1.77, ya paundi kwa lita, badala ya 0.8, ya kilogramu kwa lita. Ustadi wa marubani ndio uliowaokoa abiria. Kuzidisha hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kipimo.

Basi tusiwaondolee wanafunzi zoezi hili. Tuwafundishe kuandika kipimo kando ya kila namba, mstari kwa mstari, mpaka wazoee. Namba isiyo na kipimo haijasema kitu.