Imetoka Uingereza, kwa hivyo?

Kuna imani iliyojikita huku Chepalungu, na kote nchini, kwamba simu ya mtumba kutoka Uingereza ni bora kuliko simu mpya ya dukani. Muuzaji akishatamka "ex-UK", maswali yanakwisha na watu wanaanza kupatana bei. Mimi nasema neno hilo halimwambii mnunuzi lolote kati ya yale anayopaswa kujua, na linawafanya watu werevu waache werevu wao mlangoni.

Werevu tunao. Kwetu Chebunyo, humu Chepalungu, si mahali pa majani chai. Chai iko huko juu, Konoin na Kericho. Sisi huku chini tunaishi kwa maziwa, ng'ombe na mahindi. Hakuna mfugaji hapa atakayemnunua Friesian kwa kuambiwa tu kwamba ametoka shamba la mzungu. Atamfungua mdomo amtazame meno, atauliza amezaa mara ngapi, atashika kiwele, na akiwa mkaidi kweli atarudi alfajiri ajionee akikamuliwa. Mtu huyohuyo, watoto wakimshawishi abadilishe simu, atatoa elfu ishirini kwa kifaa cha miaka minane baada ya kutazama tu kama kioo kina mkwaruzo.

Nadhani ugonjwa huu ulianza mwaka 2012. Mwishoni mwa Septemba ya mwaka huo serikali ilizima simu bandia. Tulifundishwa kubonyeza *#06#, kuinakili namba ya IMEI na kuituma kwa 1555. Simu zilizonyamaza zilikuwa zile tulizoziita "za China", na wengi wakaondoka na somo la kombo: China ni feki, Ulaya ni orijino. Lakini iPhone iliyotumika London huenda iliundwa Zhengzhou, hukohuko China. Na simu za mtumba zina njia zao za biashara, kupitia Hong Kong, Shenzhen na Dubai, ambako kioo hubadilishwa, betri hubadilishwa, hata mgongo mzima hubadilishwa. Hiyo "Grade A" iliyobandikwa kwenye boksi imetolewa na nani? Na mwenye kuuza.

Tena kuna jambo wauzaji hawapendi kulisikia. Simu iliyoibwa London hufungiwa IMEI na mitandao ya Uingereza. Ikishafungiwa haina kazi huko, kwa hivyo husafirishwa nje. Nayo pia ni ex-UK.

Anayetaka kupanda daraja aulize simu imebakiza miaka mingapi. Chukua iPhone X ya mwaka 2017, ambayo bado inaringiwa, uiweke kando ya Samsung Galaxy A16 mpya iliyotoka mwaka 2024. Bei zao hazipishani sana. Apple iliiacha iPhone X nje ilipotoa iOS 17 Septemba 2023. Samsung imeahidi kuipa A16 masasisho kwa miaka sita. Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s, 6 na 6 Plus, na mwenye X anajua foleni inaelekea wapi. Siku hiyo ikifika, hutasoma tena ujumbe wa chama wala kuona picha za harambee, hata simu iwe inang'aa namna gani.

Nitaambiwa kamera. Kweli, na ule mwili wa chuma na kioo ni mzuri kuushika. Lakini betri je? Apple yenyewe inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Kwa anayechaji kila siku, hiyo haifiki hata mwaka mmoja na nusu. Mjini utachomeka ofisini. Huku, stima ikipotea na mvua ya jioni, simu ya namna hiyo inazima kabla malipo ya maziwa hayajaingia. Kwenye iPhone afya ya betri inasomwa ndani ya mipangilio, kazi ya nusu dakika, na bado watu hawaisomi. Fundi akiwa ameweka betri ya kubahatisha, iPhone nyingi za kuanzia 2018 zitakuonya kwamba hazitambui kipuri hicho.

Za Marekani zina vituko vyao. iPhone 14 iliyouzwa huko haina kabisa mahali pa kuingiza kadi ya simu. Mwenye laini ya Safaricom na ya Airtel ataigeuzageuza akitafuta tundu lisilokuwepo.

Sisemi mtumba wote ni takataka. Google iliipa Pixel 8 ya mwaka 2023 ahadi ya miaka saba, na Samsung ikafanya vivyo hivyo kwa Galaxy S24 mwaka uliofuata. Ukipata mojawapo ikiwa na betri nzuri, nunua, iwe imetoka Uingereza au Eldoret. Wala sizipigii debe simu za mkopo. Tangu mpango wa mkopo wa Lipa Mdogo Mdogo uanze mwaka 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, tumezoea simu inayojifunga mwenyewe ukichelewa kulipa, na baadhi ya hizo hufunguliwa na mafundi wajanja kisha huuzwa kama mtumba safi. Kufuli la mkopo, au la akaunti ya mwenye simu wa kwanza, linaweza kujificha hadi simu ifutwe. Kwa hiyo muuzaji aifute yote mbele yako, aiwashe upya, uingie kwa akaunti yako na laini yako, aandike IMEI kwenye risiti, ndipo utume M-PESA.