Ardhi ipi imechoka?

Gazeti lilinituma Shinyanga na Geita kufuata habari za dhahabu, nami nimerudi na habari za udongo. Mhariri kacheka, kaitupa. Basi naiweka hapa.

Kila semina ya kilimo ninayohudhuria lazima nisikie kwamba ardhi ya Shinyanga imechoka. Ardhi ipi jamani? Msukuma hana ardhi moja. Kule juu kwenye mawe kuna luseni, mchanga mwepesi unaofaa mihogo, karanga na viazi vitamu. Ukiuwekea mbolea ya chumvichumvi halafu mvua kubwa ikapiga, mbolea yako imekwenda na maji. Ukishuka unakuta itogolo. Chini yake pagumu kama sakafu, maji hayapenyi. Kwa mahindi ni balaa, kwa majaruba ya mpunga ni neema. Bondeni kabisa ni mbuga, tifutifu usiitafute huko: ukilowa unanasa trekta, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono.

Miaka ya 1930 Mwingereza Geoffrey Milne, mtafiti wa Amani kule Tanga, aliandika jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyofuatana hivyo kutoka kilimani hadi bondeni, kama mnyororo. Wataalamu wa dunia wanamtaja mpaka leo. Anastahili. Ila wakulima wa Usukuma nao walikuwa wakipanda kwa kufuata mteremko huo huo, na wao hawatajwi sana.

Sasa mjomba wangu. Aliambiwa apande mahindi na aweke mbolea ile ile shamba zima, juu mpaka chini. Juu yakawa ya njano, katikati yakaoza mizizi. Deni la mbolea akalipa kwa kuuza mbuzi. Mwanawe akaona isiwe taabu, akakimbilia machimbo ya Geita.

Nilimkuta huko, kasimama kando ya shimo, anarusha koleo kwa koleo udongo wa juu, ule mzuri. Nikamuuliza mbona anautupa.

"Kaka, hicho ni kifusi tu."

Sisemi maabara haina kazi. Jina la udongo halikuambii tindikali ni kiasi gani. Lakini kabla bwana shamba hajamtajia mkulima mfuko wa mbolea, amuulize kwanza: hapa panaitwaje? Swali hilo halihitaji bajeti wala semina.

Mjomba msimu huu kapanda mpunga kwenye itogolo. Juu kaweka mihogo. Kijana bado yuko shimoni.