Mtabiri wa Hisa na Akiba ya Nyumbani



Siku hizi, watu wakitoka Misani, maneno ya hisa yamekuwa mengi. Mmoja huonyesha ujumbe katika simu yake: nunua hisa za kampuni fulani sasa, maana kabla ya Krismasi bei itakuwa mara mbili. Aliyeandika hajulikani. Hata hivyo baba wa nyumba hurudi kwake akiifikiria ada ya watoto aliyoiweka, na wanajumuiya huanza kuulizana kama sanduku lao lifunguliwe. Basi yafaa tuulize: maneno ya watabiri hawa yaaminiwe kwa kiasi gani?

Kwanza tujue hisa ni nini. Hisa ni sehemu ya kampuni. Mwenye hisa ni mmoja wa wenye kampuni, hata kama sehemu yake ni ndogo kama punje ya mtama. Kampuni ikipata faida huweza kumpa gawio. Ikipata hasara, naye yumo. Kununua hisa si dhambi. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kazi mwezi wa Aprili 1998, na hata Benki ya Mkombozi, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki nchini, iliandikisha hisa zake humo mwaka 2014. Ninayemsema leo ni yule anayedai kuijua bei ya kesho.

Bei ya hisa hufanywa na wanunuzi na wauzaji, kama bei ya samaki mnadani. Wavuvi wetu hujua miezi ya kaskazi na miezi ya kusi, kwa kuwa pepo hizo zina majira yake. Bei haina majira. Hufuata matumaini na hofu za watu wengi, na hakuna aonaye mioyo yao yote.

Tazameni mambo ya jirani zetu. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom, kila moja kwa shilingi 5 za Kenya. Wengi walinunua, wengine kwa fedha za mkopo, maana kila kinywa kilisema bei itapanda upesi. Mwezi wa Juni hisa zilipoingia sokoni, bei ilipita shilingi 7, na watabiri wakashangilia. Kabla ya mwaka kutimia ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Kisha, mwaka 2021, hisa ile ile ilipita shilingi 40! Je, watabiri walisema kweli au uongo? Aliyeweza kungoja miaka kumi na mitatu aliona faida. Lakini ada ya shule haingoji miaka kumi na mitatu, wala mwenye kukudai hangoji.

Hata sisi wa Bagamoyo twalijua jambo hili, ingawa kwetu lilikuwa la ardhi. Mwaka 2013 mkataba wa bandari mpya ulitiwa sahihi, na Oktoba 2015 jiwe la msingi likawekwa. Nani angekuwa na shaka kwamba viwanja vya Zinga na Mlingotini vitapanda bei? Mwaka 2019 serikali ikasema masharti ya mradi hayakubaliki, na kazi ikasimama. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Waliotabiri bei hawakuwa waongo wote. Walisema tu wasiloweza kulijua.

Kwa hiyo, ukiletewa utabiri, uliza maswali matatu.

Kwanza: mtabiri ana nini mkononi? Huenda alinunua hisa hizo jana kwa bei ndogo, na leo anazisifu ili wewe umnunulie kwa bei kubwa. Katika soko dogo wanunuzi wachache tu huweza kuipandisha bei, na wakiondoka, hushuka.

Pili: amejuaje? Kampuni zilizomo sokoni hutangaza hesabu zilizokaguliwa. Zisome, au umwombe mwalimu akusomee. Na asikudanganye kwa utabiri wake mmoja uliotimia. Mwulize juu ya ile iliyokosea, maana atupaye nyavu mara kumi hakosi kupata hata dagaa.

Tatu: akikosea, nani atalipa? Si yeye. Dalali wa hisa na mshauri wa kweli wana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, nao wana mahali pa kushtakiwa. Mwandishi wa ujumbe usio na jina hana.

Mtakatifu Yakobo, katika waraka wake, aliwakemea wafanya biashara waliopanga safari na faida za mwaka mzima, hali hawajui hata ya kesho. Hakuwakataza biashara. Aliwataka wakumbuke kwamba wao si Mungu.

Enyi wazazi, mkiwa na fedha ambayo nyumba haitaihitaji kwa miaka mingi, na kampuni mmeichunguza, nunueni hisa kwa amani, baba na mama mkiwa mmekubaliana. Lakini ada, mbegu, dawa na sanduku la jumuiya visiguswe kwa neno la mtabiri. Wazee wetu walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mungu azibariki nyumba zenu.

Ndimi,
Karani wa Parokia, Bagamoyo