Kabla ya Kusema ni Uzee, Tuulize Kuhusu Zebaki

Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Tarime au Serengeti akifika zahanati mikono ikitetemeka, tusikimbilie kusema ni uzee, wala jamaa zake wasidhani amerogwa. Tumwulize kwanza: je, unachoma zebaki?

Ubongo hulindwa na kuta mbili: moja kati yake na damu, nyingine kati ya damu na maji ya ubongo. Katika ugonjwa wa Parkinson, kemikali haribifu zitokanazo na oksijeni huzidi uwezo wa mwili wa kuzizima. Hali hiyo, iitwayo msongo wa oksidesheni, hudhuru seli zinazotengeneza dopamini, na huweza kuzilegeza kuta hizo pia. Mvuke wa zebaki huzipenya kwa urahisi. Ukishaingia hugeuka, hunaswa humo, na kuchochea msongo wa aina hiyohiyo.

Hata hivyo, magonjwa haya si mamoja. Mtetemeko wa Parkinson huonekana hasa mkono ukiwa umetulia. Wa zebaki huonekana zaidi mkono unapofanya kazi. Mgonjwa wa Parkinson husaidiwa na levodopa. Aliyedhuriwa na zebaki sharti kwanza atengwe na mvuke.

Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki. Lakini mkataba peke yake haumlindi mtoto aliyelala karibu na jiko la kuchomea dhahabu. Kinga iliyo karibu ni swali la mhudumu, na uamuzi wa mchimbaji kuchomea mbali na nyumba, kwa kifaa kinachonasa mvuke.