Mafuta ya Taa Tumboni, Hatari Mapafuni

Mtoto anywapo mafuta ya taa, majirani hukimbilia maziwa, mawese au kidole kooni, kila mmoja akikusudia wema. Mhudumu wa afya huja baadaye na katazo lake: asitapishwe. Katazo hilo ni sahihi, lakini mara nyingi hutolewa bila sababu, na mzazi asiyeelezwa sababu humsikiliza jirani anayesema kwa uhakika zaidi. Sababu yenyewe haihitaji elimu ya chuo kikuu. Imo katika somo la sifa za kifizikia za maada, ambalo wengi walilikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaliacha darasani.

Amiminaye asali kisha mafuta ya taa huona kwa macho maana ya mnato: asali hujivuta, mafuta huteleza. Mvutano wa uso wake nao ni mdogo kuliko wa maji, hivyo tone lake likidondoka sakafuni halijikusanyi, bali hutambaa. Wepesi huo huyafaa sana katika utambi wa taa. Kooni mwa mtoto ni jambo jingine. Yakirudi kwa kutapika, huteleza katika njia ya hewa na kuenea mapafuni, ambako huharibu utando unaozuia vifuko vya hewa visinywee. Kiasi kidogo tu, hata mililita chache, chaweza kuleta nimonia ya kemikali. Tumboni, kinyume cha hofu ya wengi, mafuta hayo hufyonzwa kidogo.

Maziwa basi hayaondoi sumu. Hulijaza tumbo na kuita matapishi. Kuosha tumbo kwa mpira, ambako pengine huonekana kuwa bidii ya mhudumu, huongeza hatari ile ile, na mkaa wa dawa haunasi mafuta haya ipasavyo.

Linalopasa kufanywa ni machache: kumvua mtoto nguo zilizolowa, kumwosha ngozi kwa sabuni na maji, na kumfikisha kituoni upesi hata akionekana mzima. Aliyekohoa au kupaliwa mara baada ya kunywa anastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Asiye na dalili naye aangaliwe kwa muda usiopungua saa 6, kwa kuwa picha ya eksirei ya mwanzo yaweza kuwa safi ilhali mapafu yameanza kuumia. Akipumua kwa shida, oksijeni ndiyo tiba ya kwanza. Antibiotiki si za lazima tangu mwanzo, maana homa ya saa za awali mara nyingi hutokana na kemikali, si bakteria.

Maelezo haya yatolewe kliniki ya watoto, kwa chupa mbili mezani, moja ya maji na moja ya mafuta, ili wazazi waone jinsi zinavyofanana, hasa pale mafuta yanapohifadhiwa katika chupa ya maji ya kunywa.